Zamu Mia na Thelathini na Moja

Alhamisi, 12 Machi 2009
Asubuhi nimekuta gunia la mahindi limeegemezwa mlango wa kibanda changu cha kutengeneza simu. Ndani hakuna mahindi. Ndani kuna kompyuta yangu.

Niliijua kabla sijaitoa. Skrubu ya nyuma, upande wa kushoto, ni ya baiskeli. Niliiweka mimi mwenyewe mwaka 2005. Ni moja kati ya nne zilizobebwa tarehe 30 Desemba 2007, siku waliyochoma chumba changu cha michezo ya kompyuta hapa Langas, kwenye fujo za baada ya kura. Mvua imenyesha tangu jana jioni lakini gunia ni kavu. Juu limefungwa nailoni, chini limewekewa matofali mawili lisiguse maji. Mwizi gani anaweka matofali?

Nimeuliza muuza mboga, kinyozi, mlinzi wa kanisa. Hakuna aliyeona mtu. Hapa Langas ukinunua sufuria wanajua ni ya lita ngapi, lakini leo ati wote walikuwa wamelala.

Ijumaa, 13 Machi
Imewaka mara ya kwanza. Hakuna vumbi ndani, hata chembe. Betri ya saa imekufa, kwa hivyo kila kitu kinajiandika tarehe 1 Januari 2002. Picha za wateja zimefutwa, nyimbo zimefutwa. Kimebaki kitu kimoja: Falme.

Nieleze, maana naandika ili mtu mwingine aelewe. Falme ni mchezo wa historia. Wewe ni mfalme wa Nubia zamani zile, adui wako ni Roma, na Roma inaendeshwa na kompyuta yenyewe. Kila zamu unatoa amri: lima, jenga, ajiri askari, wahamishe. Ukimaliza unabonyeza kitufe, mwaka unapita, Roma nayo inacheza. Nilicheza miaka mitatu, kila Jumamosi mchana, na Mwalimu Wilson Kiprono, aliyekuwa akifundisha jiografia. Mmoja anashika panya, mwingine anabisha. Mimi nilikuwa wa hesabu, yeye wa ramani. Ramani aliichora yeye. Badala ya mto Naili aliweka Sosiani, akaweka Uasin Gishu yote, mraba mmoja nusu kilomita. Langas ndiyo mji mkuu. "Warumi wameonekana Turbo," alikuwa akisema, na kunywa chai yangu.

Neno la siri la kufungulia mchezo tunalijua watu wawili tu. Mtu huyo aliyekaa na kompyuta yangu mwaka mzima aliufungua.

Kwa hivyo ni yeye. Nimemnywesha chai miaka mitatu.

Jumamosi, 14 Machi
Nimefungua mchezo wenyewe. Tulipouacha Jumamosi ya mwisho kabla ya kura tulikuwa na miji kumi na moja na Roma inarudi nyuma. Leo nina mmoja, Langas. Mashamba yamegeuka msitu. Makundi matatu ya wapiga mishale, nafaka ya zamu nne, majeshi ya Roma miraba mitatu kutoka ukutani. Sehemu nyingine zote za ramani ni giza, kwa sababu mchezo haukuonyeshi ardhi usiyokuwa na mtu wako hapo.

Nimesoma kumbukumbu, pale mchezo unapoandika kila kilichotokea. Kwanza kuna zamu arobaini za mtu anayejua kucheza lakini hana haraka ya kushinda. Katikati yake kuna mstari huu:

Zamu ya 318. Mji mpya umeanzishwa. Jina: SIMEON.

Halafu, kuanzia zamu ya 341, hakuna kitu. Mwaka baada ya mwaka mistari ni miwili tu. "Watu wanangoja amri yako." "Hakuna amri iliyotolewa." Miji ikaanguka mmoja mmoja, Simeon ukiwemo, na mfalme hakuinua mkono. Nimehesabu mara mbili. Zamu 131.

Simeon ni jina la ndugu yangu.

Jumapili, 15 Machi
Simeon alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Tarehe 29 Desemba 2007 alienda kijiji cha Ziwa kutengeneza mashine ya posho iliyokatika mkanda, akasema atarudi kesho yake. Kesho yake barabara zilifungwa kwa mawe na miti. Tulimtafuta kambi ya waliofukuzwa pale uwanja wa maonyesho, tukamtafuta hospitali, tukaenda Nakuru tukasoma majina ukutani. Hakuna.

Mkewe Nyakio anakaa nasi. Kila Jumapili mchungaji anasoma majina ya wa kuombewa: wagonjwa, waliofiwa, walio safarini. Simeon anasomwa kati ya walio safarini. Leo tena. Nyakio alisema "Amina" kwa sauti yake ya kawaida. Sikumwambia neno.

Ijumaa, 20 Machi
Mvua. Simu sita za kutengeneza. Nilimwambia Nyakio.

Jumamosi, 21 Machi
Hakulia. Aliuliza, "Huo mji uko wapi kwenye ramani?"

Nikamweleza kwamba kumbukumbu haitaji mahali, na mahali penyewe pako gizani. Kuna hila ya kufunua ramani yote, lakini inakubali tu ukianza mchezo upya, na ukianza upya yote yanafutika. Njia ni moja. Lazima mtu wangu afike hapo kwa miguu, na ili afike lazima kwanza Langas isife.

"Basi shinda," Nyakio akasema.

"Shemeji, huu mchezo umeshapotea."

"Wewe ulikuja Eldoret na nini?"

Anajua nilikuja na nini. Nilikuja mwaka 1986 na bisibisi moja na koti la mtu mwingine.

Alhamisi, 2 Aprili
Nimenakili mchezo kwenye diski tatu, kisha nikaanza. Nimepoteza mara tano. Langas huanguka zamu ya nne, ya nne, ya tano, ya nne, ya tano. Kila nikifungua inaniambia, "Watu wanangoja amri yako." Leo niliijibu kwa sauti, mteja akageuka kunitazama.

Jumatano, 8 Aprili
Hesabu. Ghala lina vikapu 384. Watu wa mji wanakula 60 kwa zamu, kila kundi la askari 12. Jumla 96, zamu nne, kifo. Shamba jipya linachukua zamu tano kuzaa. Nikiyageuza makundi mawili kuwa ya wakulima, kundi la wakulima linakula 4, jumla inakuwa 80. Mara tano ni 400. Nakosa vikapu 16. Nikiyageuza yote matatu jumla ni 72, mara tano 360. Nabakiwa na 24.

Inawezekana, lakini mji utakuwa hauna hata askari mmoja, na Roma imesimama mlangoni.

Nimekaa na kalamu tangu saa nne mpaka saa saba. Mwaka 2007 niliwaambia watu wangu tufunge geti, tushike panga, tusitoke. Sitaki kuandika zaidi.

Alhamisi, 9 Aprili
Niliwavua silaha wote. Zamu ya kwanza, Roma imesimama. Ya pili, ya tatu, imesimama. Ya nne ikasogea mraba mmoja, ikawa chini ya ukuta kabisa. Nyakio alikuwa nyuma yangu, nilisikia anavyopumua. Ya tano shamba likazaa, na jeshi la Roma likageuka, likaenda zake kaskazini.

Nafikiri naelewa. Programu inapima tishio kwa idadi ya askari. Ikikuta sifuri inatafuta kazi kwingine.

Nyakio alisema, "Kumbe tungenyamaza tu." Nikamwambia huo ni mchezo. Akasema anajua.

Jumanne, 21 Aprili
Miji mitatu. Watu wamepanda mahindi kila mahali, mpaka kando ya barabara. Nimemwona mtu mjini amevaa koti langu la kahawia. Alinisalimia vizuri.

Ijumaa, 1 Mei
Miji mitano. Naijenga midogo, bila kuta, kila mmoja na ghala. Sirudishi ile ya zamani, naanzisha mipya karibu yake. Giza limerudi nyuma mpaka Moiben. Upande wa Ziwa halisogei. Roma ina majeshi kumi na manne pale, kama wanalinda kitu.

Jumatano, 6 Mei
Nilijaribu kupita kwa nguvu. Nimepoteza miji miwili kwa siku moja. Nimerudi kwenye diski. Mvua ya mawe.

Jumamosi, 9 Mei
Leo nimeenda Ziwa, kwao Mwalimu. Sikumuaga Nyakio. Nilitaka kumkamata Mwalimu kwa ukosi, tuongee.

Ni siku ya soko na barabara imejaa trekta na ng'ombe. Nilipouliza nyumba ya Mwalimu Kiprono watu watatu walinionyesha kwa kidevu, hawakuuliza nataka nini. Kuna jambo nililiona huko na bado silipendi. Kila nilipopita mazungumzo yalisimama, nikishapita yakaanza tena palepale yalipoachwa.

Mama mmoja mwembamba alikuwa anaosha mikebe ya maziwa. Hakushtuka.

"Karibu. Wewe ni Muchiri."

"Umenijuaje, Mama?"

"Mwalimu alisema utakuja, na utakuja umekasirika. Keti."

"Yuko wapi?"

Akaonyesha nyuma ya nyumba. Nikaenda na hasira yangu yote. Nyuma ya nyumba kuna kaburi la saruji. Wilson Kiprono, amefariki 31 Oktoba 2008.

Nilirudi nikaketi. Mama huyu ni Jerop, mjane wake. Akanipa mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, nikanywa. Alinieleza polepole, akichagua maneno kama anayevuka mto kwa mawe. Siku ile watu walikuwa wanagawana vitu vya Langas kando ya barabara. Mwalimu akaikuta kompyuta, akatoa mbuzi wawili, akaibeba. Wakamcheka. Februari akapata kiharusi. Mdomo ulipinda, maneno yakaisha yote, mkono wa kulia ukafa. Mkono wa kushoto ulibaki. Alikuwa akikaa mezani tangu asubuhi akisukuma panya kwa mkono wa kushoto.

"Na alipokufa," nikauliza, "nani alicheza?"

"Mimi."

"Wewe unajua Falme, Mama?"

"Sijui. Nilijua kufungua, na kitufe kimoja. Alinionyesha kabla hajaenda. Aliandika kwenye kioo cha kompyuta: MTUNZIE MUCHIRI MCHEZO WAKE." Akafuta mikono kwenye leso. "Sasa mimi ukiniambia nitunze ng'ombe, simwachi siku mbili bila kula. Nilikuwa nakamua, napeleka maziwa, nikirudi nabonyeza. Kila siku ya Mungu, mpaka usiku niliokuletea. Siku stima ikipotea, kesho yake nabonyeza mara mbili."

Meza iko pale. Juu yake kuna alama ya mraba ambapo mashine ilikaa, na kitambaa cha kufuma kimekunjwa.

Nilipiga hesabu nikiwa nimeketi. Novemba siku 30, Desemba 31, Januari 31, Februari 28, Machi mpaka tarehe 11. Mia moja na thelathini na moja. Miji yangu kumi na moja, mashamba, maghala, vyote viliteketea kwa sababu huyu mama hakukosa hata siku moja. Kama angeizima na kuifunika isingepotea hata kikapu.

"Nilitunza vizuri?" akauliza.

"Ulitunza vizuri," nikasema.

Halafu nikamwambia, "Mama, ndani ya mchezo kuna mji unaitwa Simeon."

Aliinuka akafunga mlango. Akaketi tena.

"Wewe umeuona?"

"Nimeona jina. Sijaona mahali."

"Basi endelea kutafuta."

"Mama, huyo ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mkewe hajui kama ni mjane."

"Nisikilize, Muchiri. Machi mwaka jana sisi wa hapa tulikula kiapo, wanaume na wanawake. Hakuna mdomo utakaotaja yaliyofanyika. Mtu wa kwanza kutaja, nyumba yake imekwisha. Mimi nimeapa, Mwalimu aliapishwa kwa kutikisa kichwa. Sitasema." Akanitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza. "Lakini hakuna aliyeapa juu ya kompyuta."

"Angeandika karatasi."

"Karatasi ingesomwa. Kila aliyekuja kumwona mgonjwa alisoma alichoandika. Walisimama nyuma yake wakamtazama akicheza, wakasema maskini Mwalimu amerudi mtoto, wakaenda."

"Nionyeshe tu kwa kidole. Upande gani."

"Kidole ni mdomo."

Alinisindikiza mpaka langoni. Hapo akasema kwa sauti ya juu, ya watu wa barabarani, "Maziwa yako nitaleta Jumanne!" Sijawahi kununua maziwa kwake.

Jumapili, 10 Mei
Nyakio hakuniuliza nilienda wapi. Viatu vyangu vilikuwa na udongo wa Ziwa, ule mwekundu. Alivisafisha.

Jumamosi, 23 Mei
Nimejua tangu wiki iliyopita na nimekuwa nikijifanya sijui.

Majeshi kumi na manne siwezi kuyashinda, labda baada ya zamu mia. Lakini misafara ya wafanyabiashara hupita popote penye amani. Roma inakubali amani. Imenitumia masharti mara tatu na nimeyafunga bila kuyasoma. Leo nimesoma. Sharti ni moja: Nubia ikiri kwamba miji yote iliyochukuliwa ni mali halali ya Roma, daima. Chini kuna vitufe viwili.

Nilizima mashine nikaenda kutazama kiwanja changu, pale palipochomwa. Mtu amejenga hapo vyumba vya kupangisha. Vyumba vinane, milango ya buluu. Tangu nirudi Langas mwezi wa kwanza nimeitwa mikutano minne ya kusameheana. Wanatoa soda. Mtu wa kwanza kusimama husema tusahau yaliyopita, na kila mara ni mtu ambaye hakupoteza kitu.

Jumamosi, 6 Juni
"Bonyeza," Nyakio akasema.

"Unajua inasema nini?"

"Umenisomea mara tatu. Inasema miji ni yao."

"Na ni uongo."

"Ni uongo. Mimi sitaki miji. Mimi nataka mtu."

Nilibonyeza. Kidole kiliuma kama nimekifunga kwenye mlango.

Jumatatu, 8 Juni
Msafara umetoka Langas, ngamia sita na chumvi. Miraba miwili kwa zamu. Wiki nzima nitakuwa nafungua, nasogeza, nafunga, katikati ya simu za watu. Giza linafunguka mbele yake, miraba mitatu tu kila upande, na nyuma linafunga tena.

Jumanne, 16 Juni
Askari wa Roma wanasimama pande zote mbili za njia. Katika miaka mitatu sijawahi kuona programu ikifanya hivyo. Wamejipanga, wanatazama msafara, hawasogei.

Ijumaa, 19 Juni
Saa tano asubuhi msafara umepita Ziwa. Miraba miwili kaskazini, mmoja magharibi, pale kijito kinapokata kona, giza likafunguka na mji ukawa pale. Hauna ukuta, hauna askari, hauna shamba. Kuna kipande kifupi cha barabara, mraba mmoja, kutoka mjini kwenda kwenye mashine ya kusaga aliyoichora Mwalimu. Nikaufungua mji kusoma habari zake.

SIMEON. Wakaazi: 1.

Mchezo huu hufuta mji wowote ukibaki na watu chini ya mia. Ninaijua programu hii ndani na nje. Mji wa mtu mmoja hauwezekani, na huu umekaa hivyo zamu zaidi ya mia na hamsini, haukui, haufi.

Nyakio aliweka kiganja kwenye kioo, akakiacha hapo mpaka nikahitaji kuhudumia mteja.

Jumamosi, 4 Julai
Nimerudi Ziwa. Mraba mmoja ni nusu kilomita. Ndani ya mraba ule kuna mashamba matano. Nilisema mimi ni fundi wa simu, natafuta mahali penye mawimbi mazuri, nikatembea na simu juu kama mjinga.

Shamba la kwanza, mahindi, hakuna kitu. La pili, malisho. La tatu, mahindi. La nne lina nyumba, na mbwa watatu walioniangalia bila kubweka.

La tano liko kwenye kona ya kijito, ekari saba hivi, mahindi yamenipita kichwa. Kutoka barabarani ni shamba kama mengine. Niliingia kati ya mistari, nikatembea nikiihesabu kwa tabia yangu tu. Mistari ya mashine ni minyoofu, sentimita sabini na tano kutoka mstari hadi mstari. Nilipofika ndani kabisa mstari ukapinda. Wa pili yake nao ukapinda. Nikaufuata. Mistari kumi na minne inapinda kuzunguka kitu, upande huu na upande ule, halafu inanyooka tena kama hakuna kilichotokea.

Katikati kuna chumba. Sina neno lingine. Ni chumba cha nyasi fupi chenye kuta za mahindi, hatua saba kwa hatua nne. Upepo haufiki hapo. Nilisimama nikasikia pumzi yangu na kijito.

Nilipotoka, mwenye trekta alikuwa ananingoja barabarani. Jina lake ni Kipkoech, ndiye anayelimia watu wa upande ule.

"Umepata mawimbi, mzee?"

"Nimepata. Wewe ndiye unalima hapa?"

"Ni mimi."

"Mbona umezunguka pale katikati?"

Akatazama buti zake. "Pale hapalimwi."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Basi ulijuaje?"

"Mwaka jana nilikuta pamezungushwa kwa jembe la mkono. Nikafuata jembe." Akang'oa udongo kwenye tairi. "Aliyepanda akafuata trekta. Wanaopalilia wakafuata aliyepanda. Ni hivyo tu, mzee."

Watu wangapi wanapalilia ekari saba? Kumi na watano, ishirini, misimu miwili. Wote wamefika ukingo wa chumba kile na jembe mkononi, wote wamegeuka.

Jumapili, 5 Julai
Nimemwambia Nyakio kabla ya kanisa. Hakwenda kanisani. Alifua nguo zote za Simeon, zilizokuwa safi.

Jumatano, 8 Julai
Nimepeleka taarifa polisi. Afisa aliuliza, "Nani amekwambia?" Nikasema hakuna mtu aliyeniambia. Akauliza tena. Nikamjibu vilevile, na ni kweli tupu. Jina la Jerop halimo mahali popote isipokuwa hapa, na daftari hili nalijua pa kuliweka.

Alhamisi, 16 Julai
Walikuja maafisa wanne na daktari. Barabara ilikuwa matope hata gari lao likakwama nusu kilomita nyuma. Nyakio aliwaambia wasivunje mahindi, wakapita mmoja mmoja kati ya mistari.

Sitaandika yote. Hakuwa chini sana. Alikuwa amelazwa vizuri, chali, na shuka imekunjwa chini ya kichwa, shuka ya maua ya nyumba ya mtu. Nadhani ni Mwalimu aliyemlaza, mzee wa miaka hamsini na nane, na alichimba peke yake. Katika mfuko wa ovaroli kulikuwa na spana ya kumi na saba. Nyakio aliichukua kabla daktari hajasema lolote, akaisugua udongo kwa kidole gumba. Simeon alikuwa amekwaruza S kwenye mpini. Nyakio akamwonyesha daktari, kisha akaketi kwenye nyasi na miguu imenyooka mbele, kama mtu aliyefika.

Tulikuwa tumekuja na sanduku. Lakini sisi wa nyumbani tulikuwa wawili, maafisa walisema kubeba si kazi yao, na gari liko nusu kilomita.

Nilitoka hadi barabarani. Walikuwa pale. Sijui walianza kufika saa ngapi. Wanaume, ishirini na watatu, niliwahesabu, wamesimama kando ya mahindi kofia zikiwa mkononi, pande zote mbili za njia. Hakuna aliyesogea. Kipkoech alikuwepo. Jerop alikuwa mbali, kwa wanawake, amenipa mgongo.

Nilipita mbele yao wote nikiwatazama usoni. Nilikuwa na maneno ya mwaka mmoja na nusu. Nyakio akaja nyuma yangu, sketi imejaa udongo, akanishika mkono akanisogeza kando.

"Nataka watu sita," akawaambia. "Sitauliza kitu. Nataka tu watu sita wa kubeba."

Kisha Kipkoech akatoka kwenye mstari. Halafu mzee mmoja. Halafu wengine wanne, mmoja mmoja, bila kutazamana. Wakaingia kwenye mahindi wakatoka naye begani.

Njia ilikuwa inateleza na hawakuwa wakienda pamoja, sanduku likayumba. Nyakio akatangulia na kuwaitia hatua. "Kushoto. Kulia. Kushoto. Kulia." Sauti yake ndiyo ilikuwa sauti pekee barabarani. Wale waliobaki walifuata nyuma, na nilisikia miguu yao ikiingia kwenye hatua zake, wote, mpaka matope yalilia mara moja kwa kila neno.

Tulipofika kwenye gari wakalishusha. Watano walirudi nyuma. Yule wa sita alibaki na mkono kwenye mbao. Ni mtu wa makamo, ana familia, jina lake sitaliandika. Nyuma yake mtu akakohoa kwa nguvu, kikohozi cha kuonya. Hakugeuka.

"Mama," akamwambia Nyakio. "Siku ile tulikuwa tisa."